Wibari Hayupo Masumbwe

Mke wangu Paskazia alikuwa ameshindwa kila kitu kinachopikika wilaya nzima ya Mbogwe, ndipo Makoye alipokuja na pimbi.

Wanaonijua watasema, haya, mzee kaanza hadithi zake. Sijaanza. Uji wa ulezi ulirudi, uji wa mchele ukarudi, na mchuzi wa kuku ulirudi kabla haujaingia, maana harufu ya manyoya kwenye maji ya moto peke yake ilitosha kumwinamisha juu ya beseni. Samaki sato niliyemfuata kwa bodaboda, barafu ikimdondokea dereva kiunoni njia nzima mpaka akasimama kuniuliza kwa adabu kama nina tatizo, alikaa tumboni kwa muda wa mimi kwenda kusuuza sahani. Madaktari wa Kahama walimchungulia kooni kwa mpira wenye taa, wakaniita pembeni, wakasema njia ya chakula imebanwa na uvimbe, na uvimbe wenyewe umeshasambaa, kwa hiyo nimrudishe nyumbani ale kitakachopita. Nikauliza ni kipi kitakachopita. Daktari, kijana mpole, akatazama viatu vyake akasema, "Mzee wangu, hilo mtalijua wenyewe." Basi tukarudi Masumbwe kulijua wenyewe.

Makoye ni jirani yetu, Msumbwa wa hapahapa, mtega pimbi kwenye majabali ya mlima ulio nyuma ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Pimbi, kwa asiyemjua, ni mnyama mdogo wa mawe, kimo cha sungura aliyenyang'anywa masikio, mkia hana, na mdomo wake hautulii. Kelele za karasha zimefukuza ndege wote wa mlima ule, lakini pimbi wamebaki. Niliwahi kumwona mmoja amelala fofofo juu ya jabali. Mashine ilipokatika umeme akaruka kwa hofu, akawaamsha na wenzake.

Makoye hakupiga hodi. Aliingia na pimbi mzima, amemshika miguu ya nyuma kama mkoba.

"Mama Januari, nimekuletea mgeni."

"Mgeni gani hana shingo," Paskazia akamjibu, kwa sauti iliyokuwa imebaki kama ya redio yenye betri chovu.

"Shingo ya nini? Wewe unayo na haipitishi kitu."

Paskazia akacheka. Mimi nilitaka kumpiga Makoye, lakini nilikuwa sijausikia mcheko ule tangu Kahama, kwa hiyo nikausikiliza mpaka ukaisha.

Kwao Paskazia, upande wa Shinyanga, nyumba yao ilikuwa chini ya majabali, na pimbi alikula tangu alipoota meno. Akanielekeza akiwa amelala: choma manyoya, kwangua, chemsha mpaka mifupa iachane, tia ukwaju kidogo, chuja. Nikachuja. Akanywa vijiko vichache, akapumzika, akanywa tena. Nilikaa pembeni na beseni mapajani. Beseni halikupata kazi. Jioni akaomba mwingine.

Ilipofika asubuhi akasema, "Baba Januari, kabla sijanywa tena, muite Mwalimu Kalisti."

Hapo lazima nieleze. Tulipohama Kishapu baada ya mimi kustaafu kwenye ginneri ya pamba, tulikuja huku kumfuata mwanetu Januari, ambaye dhahabu nayo ilishamhamisha ikampeleka Geita. Mimi ni Mkatoliki wa Krismasi na Pasaka. Paskazia alijiunga na kusanyiko dogo linalosali Jumamosi kwenye banda la karasha iliyokufa, likiongozwa na Kalisti. Huyu Kalisti zamani alikuwa mchimbaji. Duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilimwangukia, akakaa chini ya kifusi mpaka watu wakaanza kumlilia, na alipotolewa alikuwa na vumbi kichwani na Torati moyoni. Chuo cha uchungaji hajawahi kukanyaga. Alisoma mwenyewe, na alichosoma alikishika: hawali nguruwe, hawali kambare kwa kuwa hana magamba, hawagusi damu wala kibudu. Tangu Paskazia abatizwe, nyumba yetu ilikuwa na sufuria mbili na kuta mbili za kutundikia, yake na ya kitimoto changu, yaani nyama ya nguruwe, na kwa miaka yote hiyo hazikuwahi kusalimiana.

Kalisti akaja na wazee wake wawili, na Makoye akaleta pimbi mwingine, aliye hai, kwa ajili ya ukaguzi.

"Shikamoo, Baba Januari."

"Marahaba, Mwalimu. Mgonjwa anataka kujua kama Musa anamruhusu."

Kalisti akamgeukia Makoye. "Mshike mguu."

"Nimeushika tangu mlimani. Nikiuachia mtaukagua wapi?"

Sheria, Kalisti alieleza, inataka mambo mawili: mnyama awe na kwato zilizopasuliwa, na awe anacheua. Wazee wakachuchumaa wakamzunguka pimbi kama mafundi waliozunguka pikipiki.

"Hii ni kucha," akasema mzee wa kwanza.

"Kucha ina ncha. Hii butu. Butu ni kwato," akasema wa pili.

"Haya, imepasuliwa?"

"Imepasuliwa sana. Hesabu mwenyewe. Mbele vipande vinne."

"Ng'ombe ana viwili."

"Basi huyu kamzidi ng'ombe."

"Sheria haisemi kuzidi," mzee wa kwanza akanung'unika.

"Haisemi wala haikatazi. Tazama nyuma. Vitatu. Bado yuko mbele ya ng'ombe."

Yule pimbi muda wote huo alikuwa anatafuna hewa, taya zikienda kulia na kushoto, macho yamemtoka.

"Na anacheua," akasema mzee wa pili.

"Anasali," akasema Makoye.

Kalisti hakucheka. Alimtazama Paskazia, ambaye alikuwa ameegemea ukuta, kanga imemzidi mwili, mifupa ya mabega imesimama kama hanga ya nguo. Najua alichokiona, maana nilikuwa nakiona kila siku. Akafungua kitabu chake akasoma majina ya waliokatazwa: ngamia, wibari, sungura, nguruwe.

"Pimbi hayumo," akasema. "Kwato anazo, anacheua, na jina lake halimo. Kunywa, mama."

Mimi nilishaanza kutafuta sufuria. Lakini mke wangu hakuwa mtu wa kuruka mstari.

"Na wibari ni nani, Mwalimu?"

Wazee wakatazamana. Hili neno lilikuwa na historia yake pale kwenye banda. Sisi Wasukuma herufi r inatuteleza inakuwa l, kwa hiyo liliposomwa mara ya kwanza wengi walisikia kibali. Kuna muumini mmoja mwenye duara lake alirudi nyumbani akachana karatasi za maombi ya kibali cha kuchimba, akisema Musa amekataza, na mpaka leo anachimba kwa kujificha kwa ajili ya Mungu.

"Ni mnyama wa kule kwao," Kalisti akasema taratibu. "Huku hayupo."

"Ana sura gani?"

Kalisti akafumba kitabu. Nikaona mkono wa Paskazia, uliokuwa umeshaelekea kikombe, unarudi kwenye kanga. Hapo ndipo nikaingia. Mimi si mtu wa kusanyiko, lakini kimya cha namna ile huwa hakinipiti.

"Wibari namjua mimi," nikasema. "Kule ginneri tulikuwa na fundi wa mashine aliyetoka Misri. Alinieleza. Wibari ni mkubwa kama ndama, ngozi yake kama gunia la pamba lililonyeshewa, ana matumbo matatu, moja analiburuta. Waisraeli walipokuwa watumwa wa Farao, wakifinyanga matofali mchana kutwa, usiku wibari anakuja anayala mabichi. Asubuhi msimamizi anahesabu, hayatoshi, anawachapa viboko. Ndiyo maana walipotoka, kitu cha kwanza Musa alichoandika, baada ya ngamia, ni wibari. Ile siyo sheria, ile ni chuki."

"Matofali?" akauliza mzee wa pili.

"Mabichi. Ya kuchoma hayataki, yanamvunja meno."

Paskazia alinitazama kwa jicho ambalo nalijua tangu tulipooana. Kisha akachukua kikombe akanywa. Na Jumamosi iliyofuata, Mungu anisamehe, matofali ya wibari yalihubiriwa bandani, watu wakaitikia.

Zile siku zilikuwa nzuri kiasi kwamba naogopa kuzieleza nisije nikaambiwa nazipaka rangi. Paskazia alipata nguvu ya kufika mlangoni, kisha ya kukaa nje juani. Akaomba kitana. Akachambua maharage asiyoweza kuyala. Siku moja akanigombeza kwamba sufuria yangu inanuka kitimoto mpaka inamsumbua Roho Mtakatifu, nami nikaenda nyuma ya choo nikafurahi peke yangu. Makoye alileta pimbi kila alipopata, na asipopata alikuja kuomba radhi kama mtu aliyekosa kuhudhuria msiba. Januari alituma kwa basi maziwa ya kopo wanayopewa wagonjwa, ghali, yenye picha ya mzee anayecheka. Yalirudi. Ni ule mchuzi tu uliokuwa unajua njia.

Sikuwa mjinga. Najua ugonjwa ule haukuwa unaondoka. Lakini alikuwa anakula, na mtu anayekula unaweza kupanga naye habari za kesho.

Ndipo akaja Bi Mwanaima.

Mwanaima ni mama wa Pangani, anauza vitenge na mafuta ya nazi kwa wake za wachimbaji. Alikuja kumjulia hali mgonjwa kwa moyo wake mwema, akapitia uani, akamkuta Makoye anakwangua ngozi ya pimbi kwa kisu.

"Alaa," akasema. "Kumbe na bara mna wibari."

Nilikuwa napuliza moto. Nikaacha kupuliza.

"Bi Mwanaima, umesema nini?"

"Wibari. Huyu si wibari? Babu yangu akiwatega kule kwetu mawemawe. Nyie mwamwitaje?"

"Pimbi."

"Pimbi ni tusi."

"Huku ni mchuzi," nikasema, nikamshika mkono nikamsogeza nyuma ya kuni. Nikamweleza yote, la Musa, la kwato, la koo la mke wangu, mpaka la matofali, na hapo akanitazama vibaya. Nikamwomba hilo neno aliache palepale uani.

"Neno tu?"

"Neno tu."

"Makubwa haya. Nimevuka nchi nzima na marobota ya vitenge hakuna aliyenizuia, leo nazuiwa neno." Lakini akaona uso wangu, akafunga kinywa kwa vidole viwili kuonesha kwamba amefunga.

Makoye alikuwa amesimamisha kisu. "Kwa hiyo huyu ndiye yule mla matofali?" akaniuliza.

"Kwangua," nikamwambia.

Tukaingia ndani. Wakasalimiana, wakapeana pole, Mwanaima akamsifia nywele zilizochanwa. Kikombe kilikuwa mezani, cha moto, kikisubiri kupoa. Nilishaanza kupumua vizuri, ndipo Paskazia akasema:

"Bi Mwanaima, wewe Kiswahili umekinyonya. Sisi wengine tumekikuta shuleni, kimeshakomaa. Nisaidie neno moja."

"Sema mama."

"Wibari ni nini?"

Mimi nilikuwa nyuma ya kichwa cha Paskazia. Nyusi zangu zilifanya kazi ambayo sijawahi kuzituma tangu nizaliwe.

"Mimi wanyama siwajui sana," Mwanaima akasema. "Mimi ni wa vitenge."

"Mume wangu ananiambia ni mnyama wa Farao, ana matumbo matatu. Nimeishi na mume wangu tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Hadithi zake nazijua kwa harufu. Hii aliipika haraka. Nikajiuliza, ana haraka ya nini?" Akapumua, maana maneno mengi yalikuwa yanamchosha. "Sijauliza mtu kwa sababu hakuna wa kumuuliza. Leo umekuja wewe. Hujui, au umekatazwa kusema?"

Mwanaima akaanza kuuweka vizuri ushungi wake, ambao ulikuwa umekaa vizuri. Aliuvuta mbele, akaurudisha nyuma, akauvuta tena.

"Nisamehe, Mama Januari," akasema.

Paskazia akageuza macho kwenye kikombe. Kutoka uani tulisikia kisu cha Makoye kikikwaruza ngozi.

"Ni huyu," akasema. Hakuwa anauliza.

Akachukua kisahani akakifunika kikombe, taratibu, kama anavyofunika chakula cha mtu aliyechelewa kurudi. Akakisogeza upande wangu wa meza.

Nilijaribu kila kitu. Mimi Misa nimesikiliza utotoni, na kichwa changu hakitupi kitu. Nikamwambia Yesu mwenyewe alisema kiingiacho kinywani hakimchafui mtu. Akasema, "Kwangu hakiingii, kwa hiyo hapo hakunizungumzia mimi." Nikamwambia Paulo aliwaruhusu watu kula vya sokoni bila kuuliza maswali. Akasema, "Ningekuwa sijauliza." Nikamwambia wazee wake wenyewe walimpitisha pimbi kwa kwato zake.

"Walimpitisha kwa sababu walinionea huruma," akasema. "Nami nilitaka apite. Unadhani sikuiona ile miguu? Nimechuna pimbi nikiwa mtoto. Ile ni vidole, Baba Januari."

Nikatoka mbio. Mzee wa rika langu hatakiwi kukimbia pale Masumbwe, watu wanadhani kuna duara limebomoka. Wawili watatu walinifuata na makoleo mpaka bandani. Nikamkuta Kalisti anapigilia benchi misumari.

"Wibari ndiye pimbi," nikamwambia.

Akaweka nyundo chini. "Nani kasema?"

"Mwenye Kiswahili chake. Na mgonjwa ameshajua."

Kalisti akakaa juu ya lile benchi bovu. Wale wa makoleo wakaona hakuna wa kufukua, wakaondoka. "Na yale matofali?" akauliza baadaye. "Nimeyahubiri."

"Matofali niachie mimi. Wewe njoo umfungue. Ulimfunga wewe."

Niseme ukweli wa yule kijana: hakubishana. Hakusema sheria ni sheria. Alinawa mikono, akachukua kitabu chake, akatembea mbele yangu haraka mpaka nikabaki nyuma. Akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo sikumtegemea.

"Mama, nimekuja kukuambia unywe."

"Karibu, Mwalimu."

"Mungu si katili. Mgonjwa ni mgonjwa. Hata Daudi alipokuwa na njaa alikula mikate ya nyumba ya Mungu, isiyo yake."

"Daudi alikuwa anakimbia vita. Mimi nimelala."

"Basi Petro. Pale Yafa aliteremshiwa shuka kutoka mbinguni, imejaa wanyama wa kila namna, akaambiwa achinje ale. Mimi nadhani, mama, mle ndani hata wibari alikuwemo."

Paskazia akatabasamu. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba ile shuka ilikuwa habari ya watu, siyo ya nyama. Nilikuwa mstari wa mbele. Ulituambia wanaoitumia kuhalalisha nguruwe wanajidanganya."

Kalisti akainamisha kichwa. "Niliwaambia."

"Ulikosea?"

Angesema amekosea, mambo yangekuwa mepesi. Mimi ningesema hata kama sikukosea. Lakini yeye alikuwa mtu aliyetolewa chini ya kifusi, na alichotoka nacho ni kile tu.

"Sijui," akasema. "Leo sijui, mama."

"Petro aliteremshiwa shuka," Paskazia akamwambia, kwa upole, kama anambembeleza yeye. "Mimi niliteremshiwa wewe. Nitafanya nini sasa?"

Kisha akaomba maji, akalowanisha midomo. Alipoongea tena alikuwa ananitazama mimi.

"Baba Januari, usinifanye mjinga. Sidhani Mungu atanichoma kwa kikombe cha mchuzi. Hebu nikuhesabie. Kwaya nimeacha, sauti hakuna. Kufunga siwezi, nimefungwa. Magoti hayapigiki. Kwenda kuwaona wagonjwa, wanakuja wao kuniona. Hata kumsamehe mtu sina wa kumsamehe, kila mtu amekuwa mwema ghafla. Mwili huu kila kitu kimechukuliwa, nimebaki na kusema hapana. Hii tu ndiyo naweza kumpa Mungu bado, nikiwa na akili yangu. Na nyie mnataka niirudishe mezani."

"Nataka uishi," nikasema.

"Najua."

"Hiyo hapana yako itakuua."

"Itakayoniua iko hapa," akasema, akajigusa kooni. "Unaijua. Tulikuwa wote Kahama."

Kalisti aliinuka akatoka. Nilimkuta baadaye ameegemea baiskeli yake uani, pedali akiizungusha kwa mguu, baiskeli haiendi kokote. Akaniambia, "Mzee, mimi nilifundisha ili watu wawe salama." Nikamwambia najua. Sikuwa na hasira naye tena, na hilo lilinitisha, maana hasira ndiyo ilikuwa imenibakia kama kazi ya kufanya.

Januari alipiga simu, nikaiweka kwenye spika. "Mama, kunywa basi, nakuomba," akasema, nyuma yake jenereta likiunguruma. Mama yake akamwuliza kama yeye amekula. Akamwambia avae kofia akiingia chini. Akamwuliza habari za mkwe wake. Mpaka salio likaisha hakuna kilichokuwa kimenyweka.

Tukajaribu upya kila kilichowahi kurudi, na kila kimoja kikarudi, kama watu wanaofahamu njia ya kwao. Mlango alioufikia akaacha kuufikia. Kitana kikabaki dirishani.

Asubuhi moja Makoye akaja na pimbi. Alikuwa ameshaambiwa, lakini miguu yake ilikuwa na mazoea. Tukasimama wote uani tukimtazama yule mnyama.

"Tumbadilishe jina," Makoye akasema. "Neno ndilo lililomharibia. Tumwite mbuzi."

"Makoye."

"Mbuzi wa mawe. Weka ukwaju mwingi, weka majani ya limao. Wewe, unayeweza kumwambia mtu kwamba kuna mnyama anakula matofali, na mtu akaamini, unashindwa mbuzi?"

Nikapika. Niliweka ukwaju, niliweka majani ya limao, niliweka tangawizi, nikachuja mara mbili kwa kitambaa cheupe mpaka mchuzi ukawa haujui tena ulikotoka. Nikamwinua Paskazia, nikampa kikombe. Akakishika kwa mikono miwili, nadhani kwa ajili ya joto. Akakileta karibu na uso.

"Ni nini?" akauliza.

"Mbuzi," nikasema.

Alinitazama, na sikuona hasira wala huzuni. Niliona kama mtu anayekaa vizuri kitini kusikiliza hadithi.

"Mbuzi wa nani?"

"Wa... wa mama mmoja kule Nyahanga, Kahama. Anaitwa Asteria. Mbuzi mweupe."

"Mweupe wote?"

"Isipokuwa sikio. Sikio moja jekundu, la kushoto. Alizaliwa siku treni ilipopita, honi ikamshtua mama yake." Nikaona vidole vyake havijakiachia kikombe. Nikaongeza mwendo. "Mbuzi yule hakuwa wa kuchinjwa. Alikuwa anajua sokoni. Asteria anamfungia kikapu shingoni, anakwenda mwenyewe, anarudi na nyanya."

"Nyanya nzuri?"

"Mbuzi hachagui mbovu. Wauzaji walikuwa wanamwogopa kuliko bwana afya. Siku moja wakamdanganya kwenye mizani, akalala chini mbele ya kibanda, akakataa kuondoka mpaka mwenyekiti wa soko akaletwa."

Paskazia akacheka kidogo, na mabega yakatikisika, na mchuzi ukatikisika kwenye kikombe. Nilikuwa naangalia ukingo wa kikombe na midomo yake. Palikuwa na nafasi ya kidole kimoja. Nikawaza, nikimfikisha mahali fulani kwenye hadithi, pengine mkono utasahau. Nikampeleka mbuzi kituo cha polisi. Nikamfikisha kanisani, akasimama mlangoni kwa adabu. Nikampandisha basi la Shinyanga, akakataa kukaa karibu na mtu mwenye kitimoto.

"Huyo ana akili kukuzidi," Paskazia akasema.

"Ananizidi. Lakini kiu ilikuwa inamsumbua."

"Usinilete huko," akasema kwa upole, na macho yake akayafumba, lakini hakuwa amelala. "Endelea tu."

Mvuke ulikuwa umekwisha. Juu ya mchuzi mafuta yalianza kuganda, duara moja jeupe, kisha lingine. Mbuzi wangu alishafika mbali, sikuwa na pa kumpeleka, na kumchinja ndiyo ilikuwa sehemu iliyobaki, maana hadithi ilianzia kwenye mchuzi. Nikashindwa kumchinja. Nikamzalisha mapacha.

"Majina yao?" akauliza, macho yamefumba, kikombe kimekaa mikononi.

Nikaanza kuyatafuta.